Krimu ya makunyanzi ni dawa, si mkorogo

Siku ya soko, iwe ni Kitale, Matisi au Chwele, hukosi kuiona meza ya vipodozi. Juu yake pamepangwa vikopo na tyubu za kila rangi, jua linaziwakia tangu asubuhi, na mwuzaji anawaita akina mama wapitao: "Mama, njoo nikuondolee hayo makunyanzi! Wiki mbili tu, hata mzee atakuuliza umetoka wapi." Watu hucheka, lakini baadhi yao husimama, hufungua mkoba na kununua.

Msomaji mpendwa, leo nataka tuzungumze juu ya krimu hizo. Mimi si bingwa wa ngozi. Ni daktari wa magonjwa ya kawaida, na watu wanaonijia hapa Saboti huwa na malaria, shinikizo la damu, kisukari, au wamembeba mtoto anayekohoa. Swali la makunyanzi huja mwishoni, wakati mgonjwa amekwisha kupewa dawa zake na mkono wake umeshika kitasa cha mlango: "Na hii ngozi je, Daktari?" Huuliza walimu, wakulima na akina mama wa soko. Wanaume nao huuliza, ingawa wao hudai kwamba wametumwa na wake zao.

Wapo wenzangu wanaolicheka swali hilo. Husema kwamba makunyanzi si ugonjwa na kwamba hospitali ina wagonjwa wa kutosha. Ni kweli, makunyanzi si ugonjwa. Lakini mtu anayechekwa na daktari hatakoma kulitafuta jibu. Atakwenda kuliuliza kwenye meza ile ya vipodozi, na huko hatachekwa, atauziwa. Ndiyo maana naona ni afadhali tumjibu sisi, tena kwa ukamilifu.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Dawa ya kupaka inayopunguza makunyanzi ipo, nayo imechunguzwa na wataalamu kwa karibu miaka 40. Jamii yake huitwa retinoidi, na ni ndugu wa vitamini A. Hata hivyo, mara nyingi kile kinachouzwa kiholela kwa ahadi ya ujana huwa kimechanganywa na vitu vingine, na vitu hivyo hubomoa kile ambacho dawa hii hujenga. Mtu anayetumia mchanganyiko huo analipa ili azeeke haraka.

Ngozi huzeekaje?

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. La juu ni jembamba. Seli zake hufa na kubanduka kila siku, na nyingine huzaliwa chini yake. Tabaka la chini ndilo linaloipa ngozi nguvu. Ndani yake mna nyuzi zinazoitwa kolajeni, na kazi yake ni kama ya fito katika nyumba ya udongo. Udongo hushika kwa sababu fito zipo. Fito zikiliwa na mchwa, ukuta hulegea na kupasuka hata ukiupaka chokaa kila Krismasi.

Mchwa wa kolajeni ni watatu. Wa kwanza ni umri, ambaye hakuna awezaye kumfukuza. Wa pili ni sigara. Wa tatu, naye ndiye mharibifu mkubwa wa uso, ni jua. Ndani ya mwangaza wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo hupenya hadi tabaka la chini na kuamsha vimeng'enya ambavyo hukata nyuzi za kolajeni. Ukitaka ushahidi, angalia ngozi yako mahali ambapo nguo hufunika siku zote, kisha uangalie mgongo wa kiganja chako. Umri ni mmoja, ila ngozi hizo mbili hazifanani.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kitale iko digrii moja tu kaskazini ya Ikweta, na imeinuka mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba kila upandapo mita 1,000, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Maana yake ni kwamba, siku ambayo anga ni safi kote kuwili, mkulima wa Saboti aliyevaa sweta hupigwa na miale mikali kuliko mvuvi wa Mombasa anayetokwa jasho. Baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon hutudanganya. Tunadhani kwamba pasipo joto hapana jua.

Tukumbuke pia namna tunavyoishi. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa, hupaliliwa, huvunwa na kuanikwa juu ya turubai na watu walio juani kutwa. Bodaboda hushinda njiani. Mama wa mboga huketi pale pale kutoka asubuhi hadi jioni. Hao ndio wenye makunyanzi ya mapema, na hao hao ndio ambao mwuza krimu huwalenga.

Dawa yenyewe na historia yake

Retinoidi iliyochunguzwa kuliko zote huitwa tretinoini. Mwaka 1969 daktari wa ngozi Albert Kligman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza kwamba inatibu chunusi, na mwaka 1971 ikaidhinishwa huko kwa kazi hiyo. Baadaye wagonjwa wa makamo waliokuwa wakiitumia walianza kusema kwamba ngozi yao imekuwa laini. Uchunguzi wa kwanza juu ya ngozi iliyozeeshwa na jua ulichapishwa mwaka 1986.

Mwaka 1988 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa habari za watu 30 waliotumia dawa hiyo kwa wiki 16. Mikunjo midogo ilikuwa imepungua. Habari hizo zilipotangazwa, Wamarekani walimiminika katika maduka ya dawa kuinunua. Mwaka 1993 watafiti wa chuo hicho hicho walionyesha kwamba ngozi iliyoharibiwa na jua, ikipakwa tretinoini kwa miezi 10 hadi 12, huongeza utengenezaji wa kolajeni kwa asilimia 80. Mwishoni mwa mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha krimu ya tretinoini kwa ajili ya mikunjo midogo, ikasisitiza kwamba dawa hiyo haifuti makunyanzi wala hairudishi ujana.

Yafaa tuyashike maneno hayo. Dawa hii hupunguza mikunjo midogo, hulainisha ngozi iliyokwaruza na kufifisha madoa. Haiinui ngozi ya shingo iliyolegea, na haifuti mifereji mirefu iliyochimbwa na miaka 60 ya kucheka na kulia. Anayekuahidi hayo anakudanganya.

Ipo pia sehemu ya historia hii isiyopendeza, nayo haifai kufichwa. Kati ya mwaka 1951 na 1974 Kligman alifanya majaribio mengi ya dawa na kemikali juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, wengi wao wakiwa watu weusi, na majaribio ya awali ya tretinoini yalikuwa miongoni mwa hayo. Wengi hawakuelezwa vizuri walichokuwa wakipakwa. Mwaka 2022 mji wa Philadelphia uliomba radhi rasmi. Ngozi ya mtu mweusi ilikwisha kujaribiwa pasipo yeye kujua. Itakuwa ajabu kama sisi, kwa hiari yetu na kwa pesa zetu, tutaijaribu tena kwa vitu tusivyovijua.

Ngozi yetu ina neema yake

Watu wengi hudhani kwamba weusi wa ngozi ni rangi tu. Sivyo. Melanini, ile inayotupa weusi, ni mwavuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulilinganisha ngozi nyeusi na nyeupe, ukaonyesha kwamba ngozi nyeusi hujikinga na miale ya jua kwa kipimo cha 13 hivi, na nyeupe kwa kipimo cha 3 hivi. Kwa sababu hiyo makunyanzi hutujia kwa kuchelewa, kwa kawaida miaka 10 hivi baada ya Wazungu wa umri wetu.

Kinachotutangulia sisi ni madoa. Chunusi ikipona huacha doa jeusi. Mbu akiuma, doa. Mashavu ya mama aliyejifungua hubaki na mabaka. Mara nyingi mtu anapolalamika kwamba uso wake umezeeka, nikimtazama naona madoa na ukavu kuliko makunyanzi.

Hapo pia retinoidi ina msaada. Mwaka 1993 watafiti wa Michigan walichapisha uchunguzi wa wagonjwa weusi 54 waliokuwa na madoa yaliyoachwa na chunusi na vidonda vidogo vya ngozi. Baada ya wiki 40, madoa ya waliopaka tretinoini yalififia kuliko ya wale waliopaka krimu isiyo na dawa. Lakini nusu ya waliopaka dawa walipatwa na mwasho, wekundu na kubanduka kwa ngozi. Sehemu hiyo ya mwisho isisahaulike, kwani ngozi yetu ikiwashwa na kuchubuka, huacha doa jipya. Anayeipaka dawa hii kwa pupa aweza kujitengenezea yale yale aliyokuja kuyaondoa.

Mkorogo hubomoa

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yangu. Mwaka 1975 Kligman huyo huyo na mwenzake walitangaza mchanganyiko wa dawa tatu za kuondoa mabaka meusi: tretinoini, haidrokwinoni inayozuia melanini, na steroidi ya kupunguza mwasho. Mchanganyiko wa namna hiyo hutumiwa na madaktari hata leo, lakini kwa wiki chache, mahali palipo na mabaka, na chini ya macho ya anayejua.

Mchanganyiko wa jinsi hiyo ndio uliotoroka hospitalini ukaingia sokoni. Siku hizi utaukuta ndani ya tyubu zilizovuka mpaka bila kukaguliwa, na ndani ya vikopo visivyo na jina ambavyo mtu amekoroga nyumbani kwake. Steroidi yake mara nyingi ni klobetasoli, ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Wengine huongeza zebaki. Mama hupaka uso mzima, asubuhi na jioni, mwaka hata miaka.

Tazama basi kinachotokea. Tretinoini hujenga kolajeni polepole, kwa miezi. Steroidi kali huizuia kolajeni na kuifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara. Haidrokwinoni nayo hupunguza melanini, yaani huufunga ule mwavuli ambao Mungu alitupa. Kisha mama huyo, ngozi imekonda na mwavuli umefungwa, huchukua jembe na kwenda shambani saa nne asubuhi. Jua humkuta bila kinga. Miaka michache baadaye mishipa midogo ya damu huonekana usoni, chunusi humjaa, mistari kama ya mimba hutokea mikononi na mapajani, na makunyanzi aliyoyakimbia yamemfikia mbele ya wenzake wa rika moja.

Mtaniuliza: mbona wiki mbili za kwanza uso ulipendeza? Ni kweli hupendeza. Steroidi hutuliza uvimbe na mwasho haraka sana, na uso hung'aa. Hiyo ndiyo sababu mwuzaji huahidi wiki mbili, wala hathubutu kuahidi miaka miwili. Dawa halali ya makunyanzi haina haraka hiyo. Mwezi wa kwanza mara nyingi ngozi hukauka na kubanduka, na mtu huonekana afadhali ya jana. Krimu yoyote inayokufanya uwe mweupe na laini ndani ya siku 14 ina jambo inalokuficha.

Madhara hayaishi usoni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kuleta weusi wa buluu usiofutika mashavuni. Jambo hilo lilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni mwaka 1990. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo waliokuwa wakivimba mwili, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Steroidi ikipakwa kwa wingi huingia katika damu, hupandisha sukari na shinikizo, na ikiachwa ghafla mtu aweza kuzidiwa. Mwaka 1998 serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Marufuku hiyo ipo, na bidhaa nazo zipo.

Ikiwa wewe ni mmoja wa waliotumia mkorogo kwa muda mrefu, usione haya. Usiache ghafla peke yako, kwani uso waweza kuwaka moto na kukurudisha kwenye kikopo kile kile. Nenda hospitali, uchukue kikopo chenyewe, umweleze daktari muda uliotumia. Ataipunguza kwa utaratibu, na atapima sukari, shinikizo na mkojo.

Kwa wajawazito ni mwiko

Jambo hili naomba lisomwe mara mbili. Vidonge vya jamii ya retinoidi, kama vile isotretinoini inayomezwa kwa chunusi kali, vinajulikana wazi kwa kuharibu mtoto aliye tumboni: masikio, moyo na ubongo. Krimu huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana, na haijathibitishwa kwamba nayo hudhuru kwa namna hiyo. Hata hivyo, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba krimu hizi pia zisitumiwe na mwanamke mwenye mimba wala anayetarajia kushika mimba. Nami naunga mkono uamuzi huo, kwani hakuna mkunjo wa uso wenye thamani ya mtoto.

Hapa ndipo kikopo kisicho na jina kinaponitia hofu zaidi. Mama anayenunua tyubu yenye maandishi aweza kusoma onyo. Anayenunua mkorogo hajui kama kuna retinoidi ndani, na aweza kuupaka tangu mimba inaingia hadi siku ya kujifungua. Kama umepaka kisha ukagundua una mimba, usifadhaike. Acha mara moja na umwarifu mkunga au daktari wako kliniki.

Ukiamua kuitumia

Mtu mzima asiye na mimba, ambaye ameelezwa na bado anaitaka dawa hii, simkatalii. Namwambia mambo haya.

Kwanza, dawa hii hutolewa kwa karatasi ya daktari na hununuliwa katika duka la dawa lililosajiliwa. Sababu moja ni kwamba tretinoini huharibiwa na mwangaza. Tyubu iliyokaa mezani juani siku nzima, hata kama ilikuwa halali, huenda imekwisha nguvu.

Pili, anza na kipimo kidogo. Krimu ya tretinoini ya asilimia 0.025 yatosha kuanzia. Ipo pia adapalini, ambayo haiwashi sana. Ilibuniwa kwa chunusi, na Marekani iliruhusu jeli yake ya asilimia 0.1 iuzwe kwa ajili hiyo bila karatasi ya daktari tangu mwaka 2016.

Tatu, paka usiku tu. Nawa uso kwa sabuni nyepesi, ngoja ukauke kabisa, kisha chukua dawa kiasi cha punje moja ya minji kwa uso mzima. Ndiyo, punje moja. Epuka macho, pembe za pua na midomo. Juu yake paka mafuta yako ya kawaida, hata Vaseline yafaa. Wiki za mwanzo paka kila baada ya siku mbili, na ukiona ngozi imevumilia ndipo uongeze. Ikiwaka sana, pumzika siku kadhaa. Kuongeza dawa ili ifanye haraka ni kujichoma.

Nne, subiri. Usihukumu kabla ya miezi mitatu, na matokeo kamili ya mikunjo yaweza kuchukua miezi sita au zaidi. Ukiacha kabisa, faida nayo hupungua polepole. Kwa hiyo piga hesabu kwanza: je, utaweza kuinunua mwaka mzima? Kama pesa hizo ni za karo, iache.

Tano, na hili ndilo la msingi, jikinge na jua. Kupaka retinoidi usiku na kutembea uso wazi mchana ni kujaza maji mtungi uliotoboka. Mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi ni mazuri kwa anayeyamudu. Asiyeyamudu ana kofia ya pama, leso, mwavuli na kivuli cha mti. Kazi ya palizi ianzwe alfajiri na kusimamishwa kuanzia saa nne hadi saa tisa pale inapowezekana. Kwa wengi wetu, kofia ya pama pekee itaokoa ngozi kuliko tyubu yoyote ya duka.

Nyongeza kuhusu retinoli, ile inayotangazwa katika vipodozi vya bei ghali. Ni ndugu mdogo wa tretinoini, na ngozi hulazimika kuibadilisha kwanza ndipo ifanye kazi, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso. Nayo pia isitumiwe wakati wa mimba. Krimu zenye picha ya karoti ni jambo jingine kabisa. Karoti ni chakula chema, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini picha ya karoti juu ya kikopo haithibitishi chochote kilichomo ndani.

Si kila mkunjo ni uzee

Kabla ya kuandika jina la krimu, mimi hutaka kujua makunyanzi hayo yalianza lini. Uso uliokonda kwa miezi mitatu haukuzeeka, umeugua. Hapo natafuta kisukari, kifua kikuu, ugonjwa wa tezi la shingo, virusi vya Ukimwi, au huzuni iliyomfanya mtu asile. Wapo pia waliotumia dawa ya zamani ya kupunguza makali ya Ukimwi iitwayo stavudine, ambayo WHO ilishauri iachwe mwaka 2009. Ilimaliza mafuta ya mashavu, na hakuna krimu inayoyarudisha. Watu hao hawastahili kuuziwa matumaini.

Kuna pia mistari midogo ya ukavu inayojitokeza wakati wa kiangazi, upepo unapopausha ngozi. Hiyo huondoka kwa mafuta ya kawaida yanayopakwa mara tu baada ya kuoga. Na kidonda au kigaga kisichopona juu ya ngozi iliyopigwa na jua, hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, kisipakwe krimu yoyote ya urembo. Kionwe na daktari haraka, maana chaweza kuwa saratani.

Nawaomba wanaohusika

Wenye maduka ya dawa, msiuze retinoidi kama mnavyouza sabuni. Mwulizeni kila mwanamke kama ana mimba, na msimpakulie mtu krimu kwenye kikopo kisicho na jina.

Maafisa wa afya wa kaunti, tafadhali msiishie kumfukuza mama mwenye meza ndogo sokoni. Yeye huuza alicholetewa. Mfuateni anayemletea kwa katoni.

Madaktari na wauguzi wenzangu, swali la mlangoni tulijibu. Dakika tano za maelezo zaweza kuokoa figo.

Waume, na hapa naomba mniwie radhi, tupunguze maneno. Wengi wa waliopaka mkorogo hawakuanza kwa kupenda. Walianza siku walipoambiwa nyumbani kwamba wamechakaa.

Na serikali, kabla ya kufikiria makunyanzi yetu, ihakikishe kwamba mafuta ya kukinga jua yanawafikia watu wenye ualbino mwaka mzima, hadi vijijini. Huko Moshi, Tanzania, mafuta ya Kilisun hutengenezwa kwa ajili yao katika Hospitali ya KCMC. Ikiwa jirani ameweza, sisi hatuna udhuru. Kwetu sisi wengine mafuta hayo ni ya kulinda sura. Kwao ni ya kulinda uhai.

Wewe msomaji, leo jioni ukifika nyumbani, itazame krimu unayopaka. Soma vilivyomo. Kama ina jina usilolielewa, iulizie kwa daktari au mfamasia. Kama ina haidrokwinoni, klobetasoli, betamethasoni au zebaki na hakuna daktari aliyekuandikia, ipeleke hospitali ukasaidiwe kuiacha. Na kama kikopo hakina maandishi yoyote, usikipake usoni mwako wala usimpe binti yako.